Waya wa Jikoni

Jumatano, 22 Juni 1960

Daftari hili lilikuwa la hesabu. Kurasa kumi na tisa zimebaki tupu. Nimemaliza shule wiki iliyopita na masista hawakulidai, kwa hiyo nimejipa ruhusa ya kuandika humu mambo yangu. Nitalificha ndani ya kikapu cha unga wa muhogo. Hakuna anayetafuta siri kwenye unga.

Mambo yangu ni moja tu. Karatasi.

Sista mkuu amenipa karatasi ya kuingia shule ya walimu huko Bukavu. Inataka sahihi ya baba. Lori la masista litaondoka Jumamosi, tarehe mbili Julai, na asiye na sahihi hapandi. Baba yangu, Marcellin Rwabuhihi, ni karani bandarini Kalundu, hapa Uvira. Anatia sahihi mchana kutwa: magunia ya chumvi, mapipa, samaki wakavu, baiskeli. Karatasi yangu ameiweka chini ya taa tangu Jumatatu. Hajaigusa.

Leo nimejikaza. Nimesimama mlangoni. Nimefungua mdomo. Baba ameinua macho. Nimemuuliza kama anataka maji ya kunawa.

Ikabidi Mama aulize badala yangu. Baba amejibu kwamba hana neno na Bukavu. Neno lake ni sauti. Mwalimu ni sauti, na sauti ya mtoto huyu haivuki hata sinia ya ugali. Atafundishaje watoto arobaini? Hapo Shangazi Nyirakamana amedakia. Ni dada yake Baba, amekuja kutoka Mutarule na mbuzi wake ili angojee uhuru pamoja nasi. Amesema kwao mihogo haidai sauti. "Iko jembe, iko shamba, kisha iko wachumba. Weye niachie huyu, ndugu yangu. Minye nitamufanya muntu."

Mihogo! Nimelia nyuma ya jikoni. Kisha nimeacha haraka, maana Marie-Rose alikuwa anachungulia juu ya ua. Marie-Rose ni binti wa Papa Bonaventure, fundi wa nguo, jirani yetu wa mbele. Tumesoma darasa moja. Yeye husema mashairi mbele ya padri bila kutetemeka. Karatasi yake ilitiwa sahihi siku ileile. Amekuja kunionyesha mara ya tatu. Amesema wino bado unanukia.

Alhamisi, 23 Juni

Ajabu!

Mzungu wa ofisi ya Baba amevuka na familia yake kwenda Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Siku hizi wanavuka kila siku. Gari lilijaa hadi mbwa akakaa juu ya mapaja ya bibi. Vilivyokosa nafasi ameviacha kwa Baba: redio kubwa ya mbao, inayotumia batri ya gari, na masanduku mawili ya sauti yanayosimama mbali nayo. Baba anayaita hoparleri. Kila moja ni kubwa kama mbuzi aliyeketi.

Mtaa wote wa Nyamianda umekuja kupapasa mbao. Furaha ikampanda Baba kichwani. Ametangaza kwamba Alhamisi ijayo, siku ya uhuru, watu wote watasikia sherehe za Léopoldville, mji mkuu, uani kwetu, na yeye mwenyewe atatafsiri Kifaransa. Papa Bonaventure amesema kwa upole kwamba na yeye atafungua gramafoni yake saa ileile, na kila muntu ataenda penye sauti. Watu wamecheka. Baba hakucheka.

Sasa, tatizo. Redio imefungiwa chumbani kwa Baba, juu ya sanduku la nguo za arusi, kwa sababu kitu cha heshima hakilali ukumbini. Watu watakaa uani. Katikati kuna ukuta, baraza na mbuzi wa Shangazi. Nani ataunga nyaya? Kitabu cha maelezo kimeandikwa Kiflama, lugha ya kwao huyo Mzungu. Baba amekitazama saa nzima, uso umekunjwa kama anaelewa. Kisha ameniuliza kama masista walitufundisha Kiflama.

Hapo ndipo mpango wangu ulipozaliwa! Kusema siwezi, lakini kuandika naweza. Nimeweka barua chini ya sahani yake. "Baba mpendwa, nyaya nitaziunga mimi. Redio ikisema uani siku ya uhuru, utatia sahihi karatasi yangu. Mwanao mtiifu, Élisabeth."

Baba amesoma kwa sauti. Amenitazama. Amecheka mpaka akakohoa. Amesema sawa, asiye na sauti yake atafute ya sanduku. Shangazi awe shahidi. Redio ikikaa kimya, Mutarule.

Sijawahi kuunga waya. Nimewahi kuunga mikono ya blauzi. Lakini kuunga ni kuunga.

Jumamosi, 25 Juni

Siku mbili mbaya.

Jana nilikata waya wa kuanikia nguo vipande viwili. Nilifikiri: waya ni waya. Nikaupitisha dirishani, mmoja huku, mwingine kule, mpaka kwenye sanduku chini ya mpapai. Wakati upepo wa ziwa umelala, ilisikika sauti ya mtu, mbali sana, kama anaongea akiwa ndani ya mtungi. Nikaruka! Upepo ukaamka. Nyaya mbili zikagusana. Redio ikalia kama ndagala kwenye mafuta ya moto, kisha ikanyamaza. Baba aliinusa kama mtu anayenusa maziwa. Alitazama upande wa Mutarule.

Kuku nao waligeuza waya kuwa kitanda chao. Kila kuku aliyetua, sanduku lilipiga chafya.

Na kwa kuwa hakukuwa tena na pa kuanikia, Mama alitandaza nguo juu ya ua. Mbuzi wa Shangazi amekula mkono wa kushoto wa shati jeupe la Baba. Shati la uhuru! Mkono mzima, na kifungo chake. Fundi wa nguo wa mtaa ni mmoja tu. Baba amelibeba shati mwenyewe hadi kwa Papa Bonaventure, akalikabidhi bila salamu.

Redio haikufa. Leo imekubali tena. Nimejifunza jambo kubwa: waya lazima uvae nguo. Waya ulio uchi ni aibu na hasara.

Waya uliovaa nguo uko Kalundu, kwa Modeste. Ni mekanisie anayejaza batri za malori. Tatizo ni kwamba Modeste ni mwanamume, ana miaka ishirini na mbili, na ili kupata waya lazima mtu amuombe.

Jumapili, 26 Juni

Misa ndefu. Padri amehubiri utulivu. Hakuna aliyetulia. Watu wanauliza kama baada ya Alhamisi bado kutakuwa na kazi ya barabara, na kama funguo za ofisi zitagawiwa kwa mtaa au kwa mtu mmoja mmoja.

Nimemwona Modeste benchi la tatu. Nimepanga maneno saba. Alipotoka nimegeuka, nikazungumza na ukuta wa kanisa.

Basi, barua tena. Nimeiweka ndani ya kofia yake, aliyoitundika kwenye baiskeli. Naiandika hapa ili nisisahau jinsi ilivyokuwa na adabu:

"Bwana Modeste, iko jambo siwezi kulisema mbele ya watu. Wewe peke yako ndiwe unaweza kunisaidia. Njoo kesho jioni nyuma ya jikoni yetu. Usimwambie Baba. Élisabeth Mukarusanga wa Nyamianda."

Nimeisoma mara nne. Haina kosa hata moja.

Jumanne, 28 Juni

Jana sikuandika. Sababu ni hii.

Modeste alikuja. Hakuja nyuma ya jikoni. Alikuja mbele, amevaa koti jeusi, pamoja na kaka yake mkubwa na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri. Kaka yake aliomba kiti, akaketi, akaanza kusema kwa mbali kwamba walipita njia hii wakaona ua limechanua. Baba aliuliza ua gani. Shangazi alimkanyaga mguu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta viti vingine. Yeye ndiye aliyeleta pombe ya ndizi. Yeye ndiye aliyepokea kitenge!

Mama alinikuta nyuma ya mapipa. Aliniuliza niliandika nini. Nilimwambia. Alikaa chini.

Ikabidi nitoke. Wote walinitazama. Mdomo ulikauka kama udongo wa kiangazi. Basi nilipita kati yao, nikaingia ndani, nikabeba sanduku moja la sauti, nikalitua juu ya mapaja ya Modeste. Nikamwonyesha matundu yake kwa kidole.

Modeste aliyachungulia.

"Waya?" Modeste aliuliza. Nikatikisa kichwa kukubali. "Waya tu?" Nikatikisa tena. Kaka yake alimaliza pombe kwa mkupuo mmoja, akatazama mpapai kama ndilo ua lenyewe.

Lakini Modeste ni mtu mwema. Asubuhi ya leo umefika mzingo wa waya wa nyuzi mbili, mwekundu na mweusi, umevaa nguo vizuri. Na ujumbe: mwekundu uende kwenye tundu jekundu, mweusi kwenye jeusi, na unyuzi mmoja usimguse mwenzake hata kwa bahati mbaya. Halafu, kwa sauti ndogo, mleta ujumbe akaongeza kwamba kaka mkubwa anaomba kitenge. Shangazi alikuwa amekwisha kukivaa. Amesema kitenge kimekwisha kunuka yeye, nani atakitaka?

Nimefanya kazi tangu saa tatu. Nimechuna waya kwa wembe wa Baba, mwisho kwa meno. Ndani kuna nyuzi za shaba nyembamba kama nywele za kichanga. Nimezisokota kwa mate, kama unavyosokota uzi kabla ya kuupitisha kwenye sindano. Unyuzi mmoja ukikaidi, naukata. Mwekundu kwa jekundu, mweusi kwa jeusi. Nimepitisha waya dirishani, chini ya baraza, nikaufukia ili mbuzi asiuone.

Saa kumi na moja Baba amefungua redio.

Uani, muziki! Magitaa! Sanduku chini ya mpapai limeimba kwa kifua kizima. Mbuzi amekimbia hadi kwa Papa Bonaventure. Watoto wamecheza. Baba amevua kofia, akaivaa, akaivua tena. Hajanisifu, lakini amenipisha nipite mlangoni kwanza.

Papa Bonaventure amekuja na shati. Alisimama kusikiliza, shati mkononi, uso umenuna. Mkono alioshona ni mfupi kuliko mwenzake kwa vidole vinne. Amesema ndivyo wanavyovaa sasa Léopoldville.

Karatasi bado iko chini ya taa. Lakini sasa naiona kama imeanza kuinuka pembeni.

Jumatano, 29 Juni

Sikutulia hata dakika. Nimeizunguka nyumba mara thelathini. Barabarani bendera za karatasi, baiskeli zimefungwa majani ya mgomba, watu wanasalimiana "Kesho!" bila kutaja jina.

Halafu Mama, akichambua maharagwe, ametoa swali. Kesho wanaume watakaa uani na wageni. Sisi wanawake tutakuwa jikoni, nyuma ya nyumba, tukipikia watu sitini, kama desturi. Sasa huo uhuru sisi tutausikia wapi? Au tutaletewa kesho kutwa, umepashwa moto?

Kweli! Na sanduku la pili lilikuwa limekaa bure, Shangazi anaanikia juu yake majani ya maharagwe.

Lakini nyuma ya redio matundu ya sauti ni mawili tu, na yote yana kazi. Nimepiga magoti nikatafuta. Nimeyaona! Matundu mengine mawili, ukubwa uleule. Juu yake kuna mchoro mdogo: duara, na juu ya duara kijiti kimelala kwa upande. Sista alitufundisha kwamba mchoro hutazamwa kwa subira. Nimetazama kwa subira, maana mwenye haraka angedhani ni santuri ya gramafoni.

Sahani. Na mwiko.

Nikacheka peke yangu. Mbele ya redio, kati ya vitufe, kuna kimoja chenye mchoro uleule. Yote yakafunguka. Wazungu huweka kila kitu mahali pake: matundu ya uani, matundu ya jikoni. Na jikoni wamepawekea kitufe chake, ili mama akitaka kusikia, abonyeze. Ni watu wa ajabu. Wanaondoka, lakini jiko hawakulisahau.

Nimeunga. Mwekundu juu, mweusi chini, meno, mate, kila kitu. Waya umepita nyuma ya nyumba, sanduku limekaa jikoni kwenye kona, kati ya kinu na mtungi wa maji.

Mama ameuliza kama nimejaribu. Baba amesema batri ipumzike hadi kesho. Na kwa nini nijaribu? Mchoro uko wazi.

Alhamisi, 30 Juni

Naandika ghalani, mlango umeegemezwa gunia. Nitaandika kwa utaratibu, kama kwenye mtihani.

Sherehe ilikuwa saa tano za Léopoldville, ndiyo saa sita zetu. Uani watu walijaa hadi juu ya ukuta. Baba alisimama kando ya sanduku, shati jeupe, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Gramafoni ya Papa Bonaventure ilipiga nusu ya wimbo mbele ya mbuzi wetu peke yake, kisha mwenyewe akaja kukaa mstari wa mbele, karibu na Mzee Ntawukuriryayo, mkubwa wa mtaa kwa umri, aliyewekewa kiti chenye mgongo. Redio ilisema vizuri. Ngoma za jeshi, kelele za umati. Mtu akaanza kuhutubia kwa Kifaransa. Baba akaanza kutafsiri. Anasema hivi, anasema vile.

Jikoni, wanawake kumi na moja na sanduku bubu. Mama Marie-Rose aliligonga kwa mwiko. Aliuliza kama uhuru wa jikoni umekwama njiani. Nikakumbuka: kitufe! Mama akanipa ufunguo. Nikaingia chumbani kwa wazazi, mahali ambapo binti hasimami bila sababu, nikabonyeza kitufe chenye sahani. Ngoma za jeshi zikakatika. Hapo hapo nikasikia sauti ya mwanamke ikitoka redioni. Nikajua inafanya kazi. Nikakimbia.

Jikoni, kimya. Sanduku halisemi. Tukasema labda ni wakati wa kusali. Tukangoja.

Kungoja hakuzuii mdomo. Mama Marie-Rose alionja maharagwe akasema chumvi haitoshi, nani alipima hii? Uani wanaume wakapiga kelele kubwa ya furaha. Tukatazamana. Kumbe sherehe imenoga!

Shangazi akasema kwa sauti yake ya shambani: "Uhuru, uhuru! Kesho asubuhi nani atachota maji? Ni sisi. Mwanaume anataka uhuru? Aanze na ndoo!" Uani vicheko na makofi. Mama akasema hao Léopoldville leo wanasema mambo mazuri sana, na sisi tunayakosa.

Nikaona vibaya. Kosa ni langu. Mama Marie-Rose akanigeukia. "Weye iko unajua Kifaransa, mutoto wangu. Hebu tuambie, kule wanasema nini sasa?"

Sijui kilichonipata. Mlango ulikuwa umefungwa. Walikuwa wanawake tu, na moshi. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu na lile sanduku. Nikafungua mdomo, na mara hii maji ya kunawa hayakutoka.

Nikasema: "Ndugu zangu! Kuanzia leo hakuna mtu atakayeambiwa hana sauti! Aliyenyamaza hakukosa sauti, alikosa wa kumsikiliza! Watoto wote waende shule, wavulana na wasichana, hata wale wanaojificha nyuma ya mapipa! Kila mzazi mwenye karatasi iliyolala chini ya taa, ainuke, aape mbele ya wenzake kwamba ataitia sahihi leo hii, jua halijazama!"

Uani umati ulinguruma: "Ndiyooo!" Sauti moja ilitangulia nyingine zote. Niliinama kama mbunge. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alikuwa anafuta machozi kwa kanga.

Kisha akasema, akicheka bado, kwamba laiti Papa Élisabeth angesikia haya! Lakini yeye yuko kule anawatafsiria watu. "Kifaransa chake ni cha magunia. Anajua uzito, anajua idadi, anajua 'imelowa' na 'haijalowa'. Hotuba ya leo yote ataipima kwa kilo."

Uani, kimya kabisa.

Halafu nyayo. Nyingi. Mlango wa jikoni ukafunguka. Baba. Mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nyuma yake wanaume sitini wakinyosha shingo, na juu ya ua, Marie-Rose, uso unang'aa kama sufuria mpya.

Yeye ndiye aliyenieleza yote baadaye, kupitia ufa wa ghala, bila huruma. Nilipobonyeza kitufe, Léopoldville ilikatika, na sanduku chini ya mpapai likaanza kutoa sauti zetu za jikoni. Sanduku letu halikuwa mdomo. Lilikuwa sikio! Wanaume walidhani bado ni sherehe. Iliposema chumvi haitoshi, Mzee Ntawukuriryayo alisimama, akasema sasa anaamini uhuru umefika: redio ya serikali inasema Kiswahili cha Uvira na inajua habari za chumvi. Ndoo ya Shangazi walidhani ni sheria mpya. Wawili walianza kunung'unika. Mimi walidhani ni waziri. Papa Bonaventure alivua kofia. Na niliposema wazazi waape, aliyeruka wa kwanza alikuwa Baba. Aliinua mkono mfupi, akaapa mbele ya mtaa mzima kwamba karatasi yoyote iliyolala nyumbani kwake ataitia sahihi kabla jua kuzama.

Ndipo Mama akaja na magunia.

Baba alipokimbia kubonyeza kitufe kingine, Léopoldville ilikuwa imebaki na tarumbeta. Nyamianda haikusikia uhuru. Ilisikia jikoni.

Jua limezama. Hakuna aliyenifuata. Nasikia wanakula. Maharagwe hayana chumvi ya kutosha, kweli.

Ijumaa, 1 Julai

Asubuhi Baba alikunywa chai bila kumtazama mtu. Karatasi ilikuwa palepale. Niliiona kutoka mlangoni. Kesho lori.

Mwishoni alisema, kwa ukuta, kwamba mapatano yalikuwa redio iseme. Redio haikusema. Walisema wanawake. Na jua lenyewe limekwisha kuzama, kwa hiyo kiapo nacho kimelala. Shangazi ni shahidi, aseme kama ni uongo.

Shangazi! Mwenye mihogo! Alikuwa anafunga mizigo, amevaa kitenge cha Modeste. Alikaza fundo polepole. Akasema yeye alisikia barua ikisomwa kwa masikio yake mawili. "Redio ikisema uani." Sasa sauti ilitokea wapi, si kwenye redio? Ilifika wapi, si uani? Ilivuka ukuta, ilivuka baraza, ilivuka hata mbuzi wake. "Minye nilikuja kuchukua mutoto asiye na sauti. Huyo sikumukuta. Huyu mwingine ataniamushia mihogo yote." Kisha akaongeza kwamba mtu aliyeapa kwa mkono mfupi asitafute njia ya mkato.

Mama aligeukia moto. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mlangoni akatokea Mzee Ntawukuriryayo na fimbo yake. Alikuja kuuliza tu, kwa heshima, yule mama waziri atasema tena lini.

Baba akachukua kalamu. Akatia sahihi! Mkono ulizoea kazi ya bandarini, kwa hiyo chini ya jina lake akaandika bila kufikiri: "Mzigo mmoja. Hali nzuri. Haujalowa." Akaitazama, akaona amekosea, akaiacha hivyo hivyo. Akanipa. Akasema kwamba sauti ninayo, hilo halina ubishi tena, shida ni kujua itatokea wapi.

Nimejaribu kumshukuru. Nimemuuliza kama anataka maji ya kunawa. Amesema ndiyo.

Marie-Rose amekuja. Anataka tukae pamoja kwenye lori. Nimemwonyesha karatasi. Wino bado unanukia.

Jumamosi, 2 Julai, asubuhi

Lori litaondoka saa nne. Sanduku langu limefungwa. Dakika zimebaki, na mimi siwezi kukaa.

Nimefikiri sana juu ya kosa la Alhamisi, na nimelipata. Mchoro ulikuwa sahihi. Sahani ni sahani. Kosa ni waya: njia ya jikoni ina kona tatu, na sauti ilichoka, ikarudi uani. Nikirudi likizo nitanyosha kona.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Leo, nikiiaga redio, nimeona nyuma yake tundu jingine, moja, peke yake, ambalo hakuna aliyewahi kulitumia. Lina mchoro. Nimeutazama kwa subira. Mpini umesimama, na chini yake meno.

Reki. Ni tundu la shambani!

Shangazi anaondoka leo kurudi Mutarule, na alinitetea. Si vizuri aishi kule na mihogo yake bila kusikia neno. Nimeshachomeka ncha ya waya. Nimetumia waya mpya wa kuanikia nguo, Mama bado hajauona; uko uchi, lakini uko peke yake, hauna mwenzake wa kumgusa. Nimeupitisha juu ya ua, nimeufunga kwenye pembe ya mbuzi, kwa kuwa mbuzi naye anakwenda Mutarule na njia anaijua. Baba nimemwachia barua chini ya sahani, abonyeze kitufe chochote saa sita.

Honi ya lori! Sikujaribu, lakini kwa nini nijaribu? Mchoro uko wazi.